Kura ya Sita

Ninh Binh, Vietnam
3 Machi 2024

Dada Kahonzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, Mama magoti yamempa nafasi, na mbuzi wa kwa Baba Mkubwa wameacha kula mihogo yako. Mimi sijambo. Nakula, nalala, hata mashavu yameanza kujaa.

Nimerudia kalamu na karatasi kwa sababu simu yako hainipokei. Nimepiga mara kumi na tisa. Ujumbe nikituma unabaki na alama moja ya kijivu, wiki ya tatu sasa. Nimemuuliza Mama, akasema simu yako ni nzima na juzi ulimpigia fundi wa mabati. Basi nimeelewa. Naituma barua hii kwa sanduku la posta la shule, Mwalimu Kioko akuletee mkononi. Yeye huwezi kumfungia.

Kijiji nilichofikia kiko katikati ya maji na mpunga. Mwenyeji wangu anaitwa Bi Thuy, mama mtu mzima, mjane, anapokea wageni nyumbani kwake mwaka wa ishirini huu. Mtoni wanawake wanapiga makasia kwa miguu, dada. Mtu anaegemea nyuma, anakanyaga makasia kwa nyayo, mikono imebaki huru, na Bi Thuy huwa anamenya vitunguu njia nzima. Pande zote mbili vimesimama vilima vya mawe vilivyonyooka kwenda juu. Na ndani ya mashamba ya mpunga kuna makaburi, familia kwa familia, kila mtu amelala kwake. Hilo lilinifariji, kwa kuwa hata sisi wetu tunawazika nyumbani.

Wageni huniuliza nilipataje nafasi ya kuja kukaa mwaka mzima nikijifunza. Nawaambia sisi waongoza wageni wa korongo la Marafa tuko kumi na mmoja, tukapiga kura, mimi nikapata sita na dada yangu tano. Wakitaka kujua zaidi nabadilisha mazungumzo.

Niandikie, hata kama ni kunitukana. Msalimie Mama, mwambie dawa ya magoti niliyomwachia asimpe jirani.

Mdogo wako,
Nyale


Marafa
22 Aprili 2024

Nyale,

Marahaba. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, mchana yanamwacha. Dawa amempa jirani. Mvua imeshika vizuri, mtsunga, ile mboga chungu ya porini, umeota mpaka mlangoni na tunaula kila siku na sima hadi nimechoka kuuona. Mbuzi wamekula mihogo.

Barua yako imetembea mwezi mzima na zaidi. Mama amekata stempu yenye ua akaibandika kwenye kabati la vyombo, na kila anayekuja kuomba chumvi anaonyeshwa. Picha yako ya uwanja wa ndege ameitundika juu ya kiti changu. Nikila, unanitazama.

Simu yangu ni mbovu. Ikipona nitakujulisha.

Nimesoma habari za kupiga makasia kwa miguu. Mimi nadhani ni uvivu tu, na wageni ni watu wa kushangaa chochote. Hivyo vilima navyo sioni tofauti yake. Vya kwao vimepanda, vya kwetu vimeshuka, mawe ni mawe. Wataliano wanatoka Malindi na jua lote hilo, kilomita na kilomita za vumbi, kuja kuliona korongo letu, kwa hiyo usije ukarudi hapa ukatuambia kwamba tumekuwa tukiishi shimoni.

Kazi inaendelea. Nafasi yako kikundini ameshika Nelly, binti wa Adu, ana adabu na anafika mapema. Ngala ndiye anayenisaidia na makundi makubwa. Wageni wawili waliokuja mwaka jana walimuuliza yule msichana mcheshi yuko wapi. Niliwaambia amekwenda kutembea.

Kila asubuhi nikipita dukani naulizwa, mdogo wako leo yuko wapi, amepanda nini, amekula nini. Miaka kumi na nne naingiza watu mle korongoni na kuwatoa, hakuna aliyewahi kuniuliza nimekula nini.

Usije ukadhani nina wivu. Nakwambia tu yaliyopo. Jana nilifungua sanduku kutafuta shuka la Mama nikakutana na pasipoti yangu. Niliikata mwaka 2019, unakumbuka ulivyonicheka, ukaniuliza nakwenda wapi. Kurasa zote nyeupe bado. Wewe yako uliikata baada ya kura, kwa haraka, na tayari ina mihuri.

Nimeandika mpaka karatasi imekwisha. Jifunike vizuri.

Dada yako,
Kahonzi


Ninh Binh
25 Mei 2024

Dada yangu Kahonzi,

Shikamoo. Pole na mihogo. Mpe Mama pole ya magoti, na Nelly mpe hongera yake, ingawa nilipofika hapo kwenye barua nilisimama kidogo kabla ya kuendelea. Mimi mzima. Nilipata homa siku nne, Bi Thuy akanikwangua mgongo kwa kijiko na mafuta, ndiyo dawa yao, mpaka nikawa na milia, nikapona.

Nikikwambia ninayotaka kukwambia leo utakasirika, na nisipokwambia utaambiwa na mtu mwingine. Wiki iliyopita Bi Thuy alinipeleka kuiona Ghuba ya Ha Long.

Tuliondoka na gari dogo la watu tisa, mwendo wa saa nne. Mpunga umekuwa wa manjano, wanauvuna. Wanauanika juu ya lami, upande mmoja wa barabara, magari yanapita yakiukwepa na mengine yanaukanyaga wala hakuna anayegomba. Nyumba zao ni nyembamba, chumba kimoja upana na ghorofa nne kwenda juu, kila moja inasimama peke yake shambani. Nyati wanalala kwenye madimbwi. Nilikuwa nimekaa dirishani na kila kitu nilichokiona nilikisema moyoni kwa sauti yako, jinsi wewe ungewaeleza wageni. Sikuweza kujizuia.

Halafu tukafika baharini. Dada, mimi nimezoea bahari, nimekulia mwendo wa saa moja kutoka Malindi, lakini bahari ile imejaa mawe. Visiwa vinakaribia elfu mbili, vya jiwe la kijivu, vimesimama majini wima na majani yameota vichwani tu. Maji ni ya kijani na yametulia kabisa. Meli inapita katikati, unadhani njia imeziba, inafunguka. Niliona nimefika mahali ambapo Mungu alikuwa akijaribu vitu. Nililia, na sikujua nalia nini.

Wana hadithi yao. Joka mama alishuka kutoka mbinguni kuwasaidia watu vitani, akatema lulu na vito, kila kimoja kikawa kisiwa. Mwongozaji aliisimulia upesi upesi, akiikodolea simu macho. Tulipokaa kula chakula cha mchana melini Bi Thuy akaniomba nami niwape ya kwetu. Nikawapa ile ya korongo letu. Tajiri aliyekuwa na ng'ombe wasio na idadi, akiogea maziwa na majirani wanalala njaa, mpaka usiku mmoja ardhi ikafunguka ikameza mji wake, na rangi nyekundu na nyeupe za kuta ni damu na maziwa. Nikafika pale kwa mjakazi aliyesikia ardhi inakohoa. Nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka watu wakaacha vijiti vyao. Mama mmoja wa Hanoi alifuta machozi. Wakauliza nimeitoa wapi, nikawaambia ni ya nyumbani kwetu.

Sasa jambo kubwa. Bi Thuy na wenzake wamekubali kumpokea mtu wa pili kutoka kikundini, kuanzia Novemba. Nimeshawaandikia wenzetu, kura itapigwa mwisho wa Agosti. Safari hii ni wewe, dada. Nani mwingine.

Simu ikipona nipigie.

Wako,
Nyale


Marafa
1 Julai 2024

Nyale,

Mama mzima. Mimi mzima.

Wale watu wa meli walirekodi. Mwalimu Kioko amenionyesha kwenye simu yake, wewe umesimama na kofia ya majani, nyuma yako mawe yako ya kijivu. Nimetazama mara tatu. Mara ya tatu Mwalimu alitoka nje.

Mimi umeniandikia kwamba uliwaambia ni ya nyumbani kwetu. Nimekusikia kwa masikio yangu unasema ulifundishwa na bibi yako, jioni, ukiwa umekaa miguuni pake. Nyale, huyo bibi, hawe wetu, alifariki una miaka minne. Ulikuwa ukilala mgongoni kwangu. Aliyekaa miguuni kwa hawe ni mimi, nikiwa na miaka kumi na sita, na mjakazi anayesikia ardhi inakohoa hayumo hata kwenye hadithi ya hawe. Nilimtia mimi, mwaka wa pili wa kazi, nilipoona wageni wanasinzia. Na kile kimya ni changu. Nimekitafuta miaka. Nilikufundisha pale ukingoni nikikushika bega ili usiongee kabla ya wakati.

Nina wivu. Haya, nimeliandika. Naona wivu mpaka chakula hakina ladha. Naona wivu na nyati wa huko. Ulichukua nafasi nikasema sawa, ni mdogo wangu. Sasa umechukua na mdomo wangu.

Kuhusu hiyo nafasi ya pili, usinihurumie. Ngala naye ameomba. Atakayechaguliwa achaguliwe.

Nina swali moja na nataka jibu la neno moja. Siku ile ya kura, kwenye karatasi yako, uliandika jina la nani?

Kahonzi


Ninh Binh
29 Julai 2024

Dada Kahonzi,

Shikamoo. Mama nimeongea naye, kaniambia huli. Tafadhali kula.

Niliandika Nyale.

Uliomba neno moja na nimekupa, sasa niache niseme mengine. Tulipogawiwa karatasi ulikuwa umekaa mbele yangu, nikauona mgongo wako, nikajua kila mtu mle ndani atakuandika wewe kwa sababu ndivyo inavyokuwa siku zote. Mimi ni mdogo wake Kahonzi. Shuleni nilikuwa mdogo wake Kahonzi, kwa Mama hivyo hivyo, na kazini nilipoingia wageni waliniambia nimejitahidi lakini walikuwa wanamtaka dada. Hujawahi kuniuliza kama nakuonea wivu. Nimekuonea wivu tangu najua kusema. Nikajisemea, kura moja tu, angalau nisitoke na sifuri. Nikaikunja haraka nisijione.

Kuhusu hadithi, nilisema uongo. Walikuwa wananitazama wote, na nilikuwa nataka kwa dakika ile moja kiwe kitu changu. Nikitaja jina lako ningekuwa tena mdogo wa mtu, hata huku mwisho wa dunia. Jana nimemwambia Bi Thuy ukweli mbele ya binti yake. Hakukasirika. Alisema basi huyo dada ndiye tuliyetakiwa kumwita, na nilitaka ardhi inimeze.

Kuna jambo linanitatiza. Nimewahesabu walioniandika mara nyingi, kitandani, kwenye mtumbwi, kila mahali. Najua watu wangu. Nikijitia na mimi nawapata watano. Wa sita simjui. Wewe nilijua umejiandika, ni haki yako, kwa hiyo nimezunguka wengine wote na sipati. Kama unamjua niambie, nimshukuru au nimwombe radhi, sijui lipi.

Nakuomba kwa jina la Mama, usimwachie Ngala nafasi hii kwa sababu yangu. Kasirika ukiwa huku.

Nyale


Marafa
6 Septemba 2024

Mdogo wangu Nyale,

Marahaba. Mama ameamka vizuri leo, ametembea mpaka kwa Baba Mkubwa kugombana naye juu ya mbuzi na akarudi amechangamka. Mahindi tumevuna, si mabaya. Mimi nakula.

Barua yako Mwalimu Kioko aliniletea Jumatano, na kura ilikuwa Jumamosi. Kwa hiyo niliingia kwenye kile kikao nayo mkobani, nimeshaisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika.

Unamtafuta mtu wa sita. Ni mimi.

Usitupe barua kwanza. Unajua tulivyolelewa, tukila sinia moja. Ukiona kipande cha nyama upande wako unamsukumia mwenzio, naye anakurudishia, unasukuma tena, na mwisho mkubwa anakila bila aibu kwa sababu amelazimishwa. Hawe angetupiga mikono kwa kijiko kama tungejipakulia. Nami siku ile niliwaza hivyo hivyo. Mtu mwenye adabu hajiandiki jina lake mwenyewe. Nikakuandika wewe, vizuri, kwa herufi kubwa. Nilikuwa nasubiri unirudishie. Mwalimu Kioko, msimamizi wetu wa kura, alipomaliza kusoma karatasi na kusema sita kwa tano, nilijua hapo hapo kwamba hukurudisha, na kwamba kama ningejiandika ningekuwa ndani ya ile ndege mimi.

Sikukufungia simu kwa hasira juu yako peke yake. Kila nikikuona na nyati wako nilikuwa naona mkono wangu ukiandika. Ungekuwa umenishinda kwa hila ningekulaani nikalala usingizi. Lakini nilikupa mwenyewe, na sikuweza kukwambia, kwa sababu ungenishukuru. Nisingeistahimili ile shukrani.

Na hilo la kunionea wivu tangu unajua kusema, nimelisoma mara nyingi zaidi kuliko mengine. Sijui nikujibu vipi. Nilidhani unanipenda tu. Najua yanakaa pamoja, maana hata mimi miezi hii sikuacha kumuuliza Mama kama umepona ile homa.

Sasa Jumamosi. Tulikaa kwenye kile kibanda cha tiketi, kumi na mmoja, Nelly akiwemo. Majina mawili, mimi na Ngala. Ngala ana miaka tisa kazini, hajawahi kuchelewa, na ndiye aliyembeba yule mzee wa Kijerumani mgongoni kutoka chini kabisa mpaka juu. Tulipewa karatasi. Nilitazama ile yangu, na mkono ulianza wenyewe kuandika N ya Ngala. Niliandika N nzima, mdogo wangu. Nikaikata. Nikaandika Kahonzi, nikakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, na sikuikunja haraka.

Mwalimu akasoma. Sita kwa tano. Mimi sita.

Watu walipiga makofi, Nelly akanikumbatia. Nami nikawa nahesabu kichwani kama wewe. Watu wangu nawajua. Nikijitia na mimi walikuwa watano. Nikageuka kumtazama Ngala. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena, kisha akasimama akanipa mkono. Akaniambia, "Hongera dada, ulistahili wewe." Sauti ilikuwa ile ile niliyokwambia nayo mimi, Nyale, siku yako, na uso ule ule, niliouvaa mpaka nilipofika nyumbani na kufunga mlango.

Ningeweza kusema pale pale kwamba nimejiandika. Ningeweza kumrudishia kura yake. Nilisimama nikiwa nimemshika mkono, nikaona yote hayo, na nikamwambia asante.

Tangu Jumamosi Ngala hapiti njia ya dukani kwetu. Leo amemwagiza Nelly anichukulie orodha ya wageni. Simlaumu, na sirudi nyuma. Nakwenda Malindi Jumatatu kumpelekea wakala pasipoti kwa ajili ya viza. Niambie Novemba huko kukoje, kama sweta moja linatosha au ninunue mawili.

Dada yako,
Kahonzi